Maswali ya Wasomaji: AP, PSEO na krediti za kolegi mtoto akiwa bado haiskuli

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Marekani, na sishangai, huu ndo msimu shule za kule zinagawa fomu za kuchagua kozi za mwaka ujao na wazazi wanabaki wanaziangalia tu. Nimechukua tano. Waliouliza mambo ya viza wanisubiri.

Habari mwalimu. Niko Brooklyn Park hapa Minnesota, msichana wangu yuko darasa la 10 na ameniletea karatasi mbili kutoka shule, moja ni ya AP na ingine ni ya PSEO. Akiniuliza nisaini gani namwambia ngoja, na hiyo ngoja imekuwa wiki kadhaa sasa. Anataka kusomea unesi. Mimi hufanya kazi usiku kwa nyumba ya wazee, kaunsela akiwa ofisini mimi niko kwa kitanda. Ni gani haina gharama na ni gani itamfikisha haraka? – Mama wa Brooklyn Park

Mama, pole na usiku. Hizo karatasi mbili zinafanana kwa maneno lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

AP, yaani Advanced Placement, inafundishwa hapo hapo shuleni kwake na mwalimu wa shule, ila silabasi na mtihani ni vya College Board, wale wale wa SAT, mtihani wa kuombea kolegi. Ilianza miaka ya 50, mitihani ya kwanza ikafanyika 1956, enzi hizo ilikua ya watoto wachache wa shule za watu wenye uwezo, leo kozi zipo karibu 40. Mtoto anasoma mwaka mzima alafu Mei anakaa mtihani mmoja wa masaa mawili matatu, anapewa namba kuanzia 1 mpaka 5. Sasa hapa ndo wazazi wengi wanapigwa chenga: hiyo namba ya Mei ndo kolegi inaiangalia kwenye krediti, yaani zile pointi za kozi zinazohesabiwa kwenye digrii, sio alama ya darasani. Mtoto anaweza kupata A ya AP Biology mwaka mzima, nyumbani mkachinja kuku, Mei akapata 2, na krediti hakuna. A yake haipotei, inamsaidia kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake, na kwenye maombi ya kolegi, ila ile kozi akifika chuo ataisoma upya na mtailipia.

PSEO, yaani Postsecondary Enrollment Options, yenyewe ni kozi ya kolegi kweli kweli, profesa wa kolegi, wanafunzi wa kolegi, anaenda huko au anasoma kwa intaneti, na akifaulu kozi krediti ni yake, hakuna kusubiri mtihani wa Mei. Minnesota ilianzisha hii kitu 1985, ndo lilikua jimbo la kwanza Marekani, na ada na vitabu vinalipwa na serikali. Familia ya kipato kidogo inaweza hata kuomba kurudishiwa nauli. Ni ya darasa la 11 na 12 hasa, wa darasa la 10 wanaanzia kwenye kozi za ufundi. Kwa hiyo binti yako anapanga ya mwaka ujao, na shule inatakiwa ijulishwe kabla Mei haijaisha.

Umeuliza gharama. PSEO ni bure. Mtihani wa AP ni kama dola 100 kila mmoja, ukiwa na kipato kidogo unapunguziwa, na yako majimbo yanayomalizia iliyobaki, hilo shule inajua. Ila kuandikishwa mtihani ni Novemba na sio Mei, ukichelewa wanakuongezea dola 40, na nawajua wazazi waliokuja kushtuka Machi.

Kitu ambacho karatasi ya PSEO haikisemi kwa sauti ni kwamba alama anayopata huko ni ya kolegi na inakaa kwenye transkripti yake ya kolegi, ile rekodi ya alama zake zote, maisha. Akipata F akiwa na miaka 16 ile F atakutana nayo tena akiomba shule ya unesi, na inahesabiwa pia kwenye ile kanuni ya maendeleo ya masomo inayotumika kumpa mwanafunzi msaada wa fedha wa serikali. AP haina ukali huo, akipata 1 halazimiki kumtumia mtu yeyote.

Sasa unesi. Usimwache ajaze AP Biology na AP Chemistry akidhani ndo njia ya mkato. Programu nyingi za unesi zinataka anatomia na fiziolojia ya kolegi yenye maabara yake, na AP Biology haikai mahali pa hiyo kozi, alafu baadhi hazipokei kozi ya sayansi iliyozidi miaka mitano au saba. Zinazomfaa zaidi ni zile za pembeni ambazo kila nesi lazima awe nazo: saikolojia, takwimu, uandishi wa Kiingereza. Mimi ningemwambia darasa la 11 achukue AP Psychology shuleni na kozi moja tu ya uandishi PSEO, aone kama anaweza kujisimamia, akiweza darasa la 12 aongeze. Kozi moja ni kama krediti tatu au nne, na digrii ya miaka minne inataka 120, kwa hiyo hata akibeba kumi na tano tayari kakuokolea semista nzima ya ada.

Kabla hajachagua, aulize swali moja, na aliulize kwa kolegi anayoitaka, sio kwa shule yake: kozi hii mnaipokea kama nini? Maana kuna kupokelewa kama kozi yenyewe inayotakiwa, na kuna kupokelewa kama krediti za ziada tu zisizomsogeza popote. Kwa Minnesota kuna utaratibu mzuri unaitwa Minnesota Transfer Curriculum, krediti 40 za masomo ya jumla, kozi ikiwa ndani ya hiyo inahama kati ya kolegi za umma za jimbo bila ugomvi. Kaunsela mwandikie imeili saa unayotoka kazini, sio lazima mkutane.

Yambo mwalimu. Tuko Dayton, Ohio. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Mutoto wangu iko na miaka 17, kule kambini alikuwa anasoma programu ya Congo kwa Kifaransa na matematiki alikuwa wa kwanza. Huku banamuweka ESL (darasa la Kingereza la bageni) na matematiki ya batoto badogo, banasema amalize Kingereza kwanza ndio bamupe masomo makubwa. Anarudi nyumbani anasema papa, hii nilisoma zamani. Nifanye nini? – Papa wa Dayton

Yambo papa. Hii barua imenikera, na sio wewe uliyenikera.

Kwanza sheria. Marekani ina Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na mwaka 1974 Mahakama Kuu yao iliamua kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, Lau v. Nichols, kwamba shule ya umma haiwezi kumwacha mtoto nje ya masomo kisa hajui Kiingereza. Kuwa ESL ni huduma anayopewa, haitakiwi igeuke ukuta wa kumzuia hesabu anazoziweza. Na wewe kama mzazi una haki ya mkalimani kwenye mkutano na shule, wa Kiswahili, bila kulipa, usikubali mtoto mwenyewe ndo atafsiri kesi yake.

Omba mkutano kwa maandishi, na uombe jambo moja tu: apewe mtihani wa kumpanga kwenye hesabu. Usiende na malalamiko kumi. Hesabu zinaandikwa vile vile Kigoma na Dayton, akikaa akazifanya mbele yao mjadala unakua mfupi. Ukienda na makaratasi yake ya shule ya kambini nenda nayo, hata kama yamechakaa.

Mwambie na habari ya Jaime Escalante, mhamiaji kutoka Bolivia aliyefundisha hesabu Garfield High School, mashariki ya Los Angeles, shule ya watoto wa vibarua wenye asili ya Mexico. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu AP Calculus, wasimamizi wa mtihani wakahisi wameibia, 14 wakaambiwa warudie. 12 wakakubali kurudia, na wote 12 wakafaulu tena. Mimi hiyo habari naipenda kwa sababu ya lile neno warudie, maana ndo wanachofanyiwa watoto wetu kila siku, kuthibitisha mara mbili.

Alafu papa, mbona hakuna aliyekwambia kuhusu AP French? Kijana wako amesoma kwa Kifaransa miaka yote hiyo! Kuna mtihani wa AP wa Kifaransa, wanasoma, wanasikiliza, wanaandika, wanaongea, na kuna sehemu mwanafunzi anasimama kulinganisha jamii yake na sehemu ya dunia inayoongea Kifaransa, hapo wenzake wataongelea Paris ya kwenye vitabu na yeye ana Congo nzima kichwani. Kama shule haifundishi hiyo kozi bado anaweza kukaa mtihani, sio lazima awe amesoma darasani, ila mtafute mapema shule inayoufanyisha, kabla ya ile Novemba niliyoisema juu. Ohio kolegi na vyuo vikuu vya umma vinapokea kuanzia 3. Na hapo hapo Ohio kuna College Credit Plus, kozi za kolegi za umma bure kwa watoto wa haiskuli, aanze na hesabu, insha ndefu za Kiingereza zisubiri.

Mambo mwl. Mi niko Houston, darasa la 11. Mshua kanijazia AP tano mwaka ujao, anasema mtoto wa rafiki yake alichukua saba. Saizi nna tatu tu na nalala saa nane usiku, mpira nimeacha. Nikimwambia anasema Tanzania alisoma kwa koroboi. Nisaidie jinsi ya kumwambia. – Nimechoka

Mwanangu, baba yako sio mkorofi, anajua kitu kuhusu Texas. Kule kuna sheria ya tangu 1997, ukiwa kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yako unaingia chuo kikuu cha umma moja kwa moja, japo UT Austin, chuo kikuu cha Texas cha pale Austin, wao wanachukua asilimia ndogo zaidi ya hapo. Na shule nyingi A ya AP wanaihesabu 5 badala ya 4, kwa hiyo AP zinakupandisha kwenye foleni. Hiyo ndo hesabu aliyoipiga mshua, hata kama hajakueleza.

Ila B na C za kutolala zinakushusha foleni ile ile. Kaa na kaunsela mpige hesabu kwenye karatasi, ukichukua tano ukapata hivi, ukichukua tatu ukapata hivi, cheo chako kinakua wapi. Mpelekee baba hiyo karatasi. Usianze na neno kuchoka, kwa mtu aliyesoma kwa koroboi hilo neno halina soko.

Na kama anaota vile vyuo vya majina makubwa, mwonyeshe kwamba Dartmouth waliacha kutoa krediti za AP kwa waliotakiwa kumaliza 2018 na kuendelea, na Brown AP haikupunguzii hesabu ya digrii. Huko AP inakusaidia kuingia, ukiingia unaanza kama wenzako. Vyuo vya umma vya Texas ndo vinakupa krediti, kwa kawaida ukipata 3 kwenye kozi za mwanzo inatosha. Yaani tatu ulizofaulu Mei zina faida kuliko tano ulizosinzia. Mpira rudi hata siku moja kwa wiki.

Kuna AP ya Kiswahili? – Msomaji, Des Moines

Hakuna. Kuna Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina, Kijapani, hata Kilatini ambacho hakuna mtu anagombana nacho sokoni, ila chetu hakuna. IB, ile programu ya kimataifa yenye makao Geneva, wao wana mtihani wa Kiswahili, lakini lazima uwe kwenye shule ya IB. Njia iliyo wazi zaidi ni Seal of Biliteracy, muhuri kwenye cheti cha haiskuli kwamba unamudu Kiingereza na lugha nyingine, California walianza 2011 na sasa majimbo karibu yote wanao. Kuna mitihani ya Kiswahili inayokubalika kwa hiyo, ulizia idara ya lugha ya wilaya yenu. Minnesota kolegi zao za jimbo zinatoa mpaka krediti za lugha kwa mwenye muhuri, kwa hiyo mama wa Brooklyn Park kama bado unasoma na hii inakuhusu, mradi binti aweze kuandika Kiswahili na sio kuongea tu.

Shikamoo. Mpwa wangu kamaliza Form Six PCB (fizikia, kemia, biolojia), anaenda kusoma Marekani, je ile miaka miwili inahesabika kama hiyo AP? – Mjomba, Mwanza

Marahaba. Inategemea chuo. Baadhi ya vyuo vinatoa krediti kwa zile principal pass, yaani masomo makuu aliyofaulu, vingine vinaichukulia kama haiskuli tu, na chuo hakikupi usipoomba. Aandike kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hajasajili kozi, aambatanishe silabasi za Biology na Chemistry, na matokeo yaombwe NECTA, baraza la mitihani, yatumwe moja kwa moja kwenye chuo au kwa wale watathmini wa vyeti kama WES, maana kopi yenye muhuri wa wakili wengi hawaipokei. Asianze darasa la Biology ya mwanzo huku anasubiri jibu, akishalisoma hawatamrudishia.