Mercedes: Jina la Mtoto au la Gari?

SWALI: Mhariri, binti yetu atabatizwa mwezi ujao, na mume wangu anataka aitwe Mercedes, jina la sista wa Kihispania aliyemfundisha alipokuwa mdogo. Mama mkwe hataki hata kulisikia. Anasema mjukuu wake hawezi kupewa jina la gari. Je, jina hili lina asili gani?
Mama wa mtoto, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Mweleze mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba gari ndilo lililopewa jina la mtoto. Mfanyabiashara Emil Jellinek alikuwa na binti aliyezaliwa Vienna mwaka 1889 akaitwa Mercédès, na alipoagiza magari kwa kampuni ya Daimler mwaka 1900 alitaka yaitwe kwa jina la bintiye. Mwaka 1902 jina hilo likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Benz, ambalo ndilo lililotukaa mdomoni hata tukasema “Benzi”, liliongezwa mwaka 1926 kampuni mbili zilipoungana.

Jina lenyewe ni la Kanisa. Ni kifupisho cha María de las Mercedes, yaani Bikira Maria wa Rehema, kwa maana “merced” katika Kihispania ni fadhila au rehema, nalo linatokana na neno la Kilatini lililomaanisha ujira. Sifa hiyo ya Bikira Maria ilienezwa na shirika ambalo, kwa mapokeo, Pedro Nolasco alilianzisha Barcelona mwaka 1218 ili kuwakomboa Wakristo waliochukuliwa mateka. Watawa wake, pamoja na nadhiri tatu za kawaida, waliweka ya nne: kukaa rehani mahali pa mateka iwapo imani yake ilikuwa hatarini. Sidhani kama kuna bibi atakayeona aibu mjukuu wake kubeba historia ya namna hiyo.

Wahispania wana majina mengi ya jinsi hii, yaliyokatwa kutoka sifa za Bikira Maria: Dolores ni mateso, Pilar ni nguzo, Consuelo ni faraja. Hilo la mwisho ni ndugu wa karibu wa Consolata, ambalo hapo Dodoma halimshangazi mtu.

Paroko akiuliza somo wa mtoto, sikukuu yake ni tarehe 24 Septemba. Na mkiona jina ni refu kwa matumizi ya nyumbani, Wahispania wenyewe hulifupisha kuwa Merche.