Punguzo linamfaa mwenye elfu sabini

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: ruzuku ya kilimo ije kama punguzo la bei ya mbolea, au mkulima apewe pesa mkononi? Mimi nalima ekari mbili za mahindi Handeni, upande wa Mkata, na nasema punguzo libaki. Kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kulilipia, maana lilivyo sasa linamfaa yule aliye na pesa siku mvua zinapoanza.

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei, mfuko wa mbolea ya Urea wa kilo 50 ukavuka laki moja na ishirini. Agosti, siku ya Nane Nane, Rais Samia akazindua ruzuku kule Mbeya, mbolea za DAP na Urea zikashuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko. Nilishukuru, na bado nashukuru. Unajiandikisha kijijini, namba ya ruzuku inakuja kwenye simu, unakwenda nayo kwa wakala wa mbolea.

Sasa pigeni hesabu. Ekari moja inataka mfuko wa DAP wa kupandia na wa Urea wa kukuzia. Kwa bei hiyo ni 140,000, na mimi mwenye ekari mbili ni 280,000, bado bodaboda. Tunapanda Machi. Mwezi huo mahindi ya masika yaliyopita yameshaliwa, na vuli kwetu si ya kutegemea. Pesa mkononi? Mkinipa Machi nitanunua unga kwanza. Sioni aibu kulisema, nina watoto.

Jirani yangu ni mjane, sote twamwita Bibi. Aliandikishwa kwa ekari yake moja, ujumbe ukaja, mjukuu akamsomea. Mfukoni alikuwa na elfu ishirini. Akaja mtu mwenye shamba kubwa, akamwomba ile namba, akachukua mifuko miwili kwa jina la Bibi na kumwachia elfu tano. Shamba la Bibi likapandwa bila hata punje ya mbolea. Mahindi yakatoka ya njano, mabua membamba kama fito. Lakini kwenye mfumo Bibi kahesabiwa kuwa amepata ruzuku. Linaniuma kila nikipita kwake. Aliyechukua namba alikosea, ndiyo, ila na zile elfu ishirini Bibi angefanya nini?

Kwetu pesa huonekana Agosti, mahindi yakishavunwa. Mlango wa ruzuku ufunguliwe hapo hapo: mkulima alipe kidogo kidogo kwa wakala au chama cha ushirika, akiba yake isomeke kwenye namba ile ile, na ikifika Februari mifuko iwe imeshafika kijijini. Asiye na uwezo wa mfuko mzima auziwe hata kilo kumi kwa bei ya ruzuku.

Sisi wanawake kumi na wawili tumejaribu wenyewe. Tunaweka 2,500 kila Ijumaa kuanzia katikati ya Agosti, na kwa bei ile ya 70,000, wiki 28 zinatosha mfuko mmoja. Ni wa kupandia tu. Wa kukuzia kila mtu anajitafutia.

Bibi tumemwingiza mwaka huu. Hadi Ijumaa iliyopita amefikisha 32,500.

Msomaji wenu,
Handeni, Tanga