Maswali ya Wasomaji: Je, Zanzibar Ilibadilishwa kwa Heligoland?

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba mwaka 1890 Wajerumani waliwapa Waingereza Zanzibar, nao wakapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Rafiki yangu wa Unguja anashikilia kwamba Mjerumani hakuitawala Zanzibar hata siku moja. Nani mkweli kati yetu? Na ikiwa ni yeye, Mjerumani alitoa nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Rafiki yako ndiye mkweli, ingawa hupaswi kumlaumu sana mwalimu wako, kwa kuwa kosa hilo limo katika jina lenyewe la mkataba. Makubaliano yaliyotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890 yalihusu mambo mengi, lakini Ujerumani yalikuja kuitwa Mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na jina hilo liliwafaa wapinzani wa Chansela Leo von Caprivi, akiwemo Bismarck aliyekuwa ameondolewa madarakani Machi mwaka huohuo, kwa sababu lilimfanya mrithi wake aonekane kama mtu aliyetoa visiwa vya karafuu akapewa mwamba usiofika kilomita za mraba 2.

Ukweli ni kwamba Unguja na Pemba zilikuwa za Sultani, na mwenye sauti kubwa mjini Zanzibar kwa miaka mingi alikuwa balozi wa Kiingereza. Alichotoa Mjerumani kuhusu visiwa hivyo ni ahadi tu ya kutopinga Uingereza ikivitangaza kuwa himaya yake, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wake. Mali aliyoiachia hasa ilikuwa bara: madai yake ya Uganda, ambako Karl Peters, wakala wa Kijerumani, alikuwa ameandikiana mkataba na Kabaka Mwanga mapema mwaka huohuo, pamoja na usultani wa Witu, karibu na Lamu, na pwani ya kutoka hapo kuelekea Kismayu.

Naye alipata nini? Alipata Heligoland, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza tangu walipoiteka kutoka kwa Denmark mwaka 1807, na ambayo Caprivi aliitaka kwa sababu inatazama mlango wa mto Elbe, karibu na mfereji wa Kiel uliokuwa ukichimbwa wakati huo. Alipata pia ule ukanda mwembamba wa Namibia ya leo unaoelekea mto Zambezi, ambao hadi leo watu wengi huuita kwa jina la Caprivi. Jambo la tatu ndilo linalokuhusu wewe wa Tanga kuliko yote: Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake ili Sultani aiachie Ujerumani moja kwa moja pwani yake ya kutoka mto Umba hadi Ruvuma, pamoja na kisiwa cha Mafia, kwa fidia. Kabla ya hapo, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa mpangaji tu katika pwani hiyo, kwa mkataba wa mwaka 1888 uliompa Sultani haki ya kuendelea kuhesabiwa mwenye nchi. Upangaji huo ndio uliowasha vita vya Abushiri huko Pangani mwezi Agosti mwaka huo, kampuni ilipopandisha bendera yake na kuanza kuamrisha watu kana kwamba imekwisha kununua. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Miezi michache baadaye mauziano yenyewe yakaanza kujadiliwa Ulaya.

Utaona basi kwamba kama kuna nchi iliyouzwa mwaka ule, si Unguja bali ni Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Bei ilikuwa maki milioni 4, sawa na pauni 200,000 za wakati huo. Sultani Ali bin Said, aliyeketi kitini tangu Februari, alikubali ulinzi wa Kiingereza mwezi Juni, wiki chache kabla ya sahihi za Berlin, na hakuwa na mjumbe wake katika mazungumzo hayo. Wenyeji wa pwani hawakuulizwa kabisa. Hata watu wa Heligoland, ambao hawakuzidi 2,000 au karibu na hapo, hawakuulizwa, jambo lililomkera Malkia Victoria mwenyewe. Lakini wao angalau habari yao ilipelekwa mbele ya Bunge la London, ikajadiliwa na kupigiwa kura.

Waliojifunza kwa uchungu mkubwa zaidi ni watu wa Witu. Walikuwa wamejiweka chini ya Wajerumani tangu 1885 ili kujikinga na Sultani wa Zanzibar, kisha wakaamka siku moja wakaambiwa wamekabidhiwa kwa Mwingereza, ambaye ndiye mlinzi wa Sultani yuleyule. Septemba 1890 kundi la Wajerumani liliuawa huko, na mwezi uliofuata kikosi cha manowari za Kiingereza kikapanda kutoka pwani na kuuchoma mji wa Fumo Bakari, sultani wa Witu. Yaani Mwingereza aliadhibu Witu kwa damu ya Mjerumani aliyekuwa ameiacha.

SWALI: Ndugu Mhariri, wazee wetu wa Mombasa husema kwamba Mwingereza alikuwa akimlipa Sultani kodi ya Mwambao mpaka uhuru. Kodi hiyo ilikuwa kiasi gani, na ina uhusiano wowote na fedha za Wajerumani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Uhusiano upo, na ni wa ajabu kidogo. Mwambao, yaani ukanda wa pwani wa maili 10 upande wa Kenya, haukuuzwa. Sultani Barghash aliukodisha mwaka 1887 kwa kampuni ya Kiingereza ya Sir William Mackinnon, ambayo ilifilisika taratibu hadi serikali ya Uingereza ikaamua kuiondoa mwaka 1895. Kampuni ililipwa pauni 250,000, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka katika hazina ya Zanzibar, zikiwa ni zilezile zilizolipwa na Wajerumani kwa pwani ya kusini. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba aliuza shamba lake moja, akatumia fedha hizo kumtoa mpangaji katika nyumba yake ya pili, na papo hapo akaingia mpangaji mwingine ambaye ndiye aliyekuwa akimshauri.

Kwa mapatano ya Desemba 1895, wakati wa Sultani Hamad bin Thuwaini, Uingereza ilikubali kulipa pauni 17,000 kila mwaka. Pauni 11,000 zilikuwa kodi yenyewe, na 6,000 zilikuwa riba ya asilimia 3 juu ya zile 200,000. Ndiyo maana bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, na ndiyo maana mwaka 1920, bara ilipofanywa koloni, Mwambao ulibaki himaya. Hali hiyo ilikoma kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Uingereza, Kenya na Zanzibar, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wakiwa mawaziri wakuu, ambapo Sultani Jamshid aliachia haki zake za Mwambao, na Kenya ikaahidi kulinda mahakama za kadhi na hati za ardhi za wenyeji.

SWALI: Je, ni kweli Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Si kweli. Mpaka unaopinda na kuuacha mlima upande wa Tanzania ulichorwa katika mapatano ya mwaka 1886, baada ya Mjerumani Karl Jühlke kupata mkataba wa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Waingereza kushikilia mikataba yao ya Taveta. Mwaka huo Wilhelm hakuwa Kaisari bado. Alirithi kiti mwaka 1888.