Ng'ambo ya Sanduku

Barua za mwezi huu karibu zote zimetokana na katuni moja, Futurama, na sababu naijua. Jumamosi mbili mfululizo niliionyesha bandani kwangu hapa Ujiji, nikachagua zile sehemu za dunia mbilimbili tu, na watoto wakaenda nazo majumbani. Kwa msomaji mgeni: ni katuni ya kuchekesha ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Machi 28, 1999. Aliyeibuni ni Matt Groening, yule yule wa katuni ya The Simpsons, akaiendeleza pamoja na David X. Cohen. Fry, kijana mpeleka piza, anaangukia kwenye mtambo wa kugandisha watu usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuzinduka miaka 1000 baadaye. Huko anapata kazi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo angani, pamoja na Leela, nahodha mwenye jicho moja, na Bender, roboti mlevi na mdokozi. Kampuni ni ya Profesa Farnsworth, mzee wa kupindukia. Mimi huzima sauti yao, nikashika kipaza sauti na kusimulia kwa Kiswahili. Tuanze.

*Shikamoo mjomba. Nasoma kidato cha pili hapa Kigoma mjini. Ile ya sanduku, kwa nini unasema "watu wa ng'ambo" wakati kaka yangu anasema ni "ulimwengu sambamba"? Na wale wa ng'ambo ni watu wa kweli au ni kivuli cha hawa wetu?*

Marahaba mwanangu. Kaka yako hajakosea, vitabuni wanaandika "ulimwengu sambamba". Mimi neno langu sikulitoa kitabuni. Nilisukumwa na mtoto.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ambao hawakukiona. Kilionyeshwa mara ya kwanza Juni 8, 2003. Profesa ametengeneza sanduku, anaogopa kilichomo, anapiga marufuku mtu kuchungulia. Leela anaachiwa alilinde. Udadisi unamkaba, anarusha sarafu aamue achungulie au aache, na kufumba na kufumbua yumo ndani. Kule anamkuta Profesa mwingine, Fry mwingine, Bender aliyepakwa rangi ya dhahabu, na Leela mwingine. Ulimwengu mzima umo sandukuni. Nao wana sanduku lao, na ndani ya hilo la kwao ndimo tulimo sisi. Kinachozitenganisha pande hizi mbili ni kanuni moja tu: sarafu ikirushwa huku ikalala upande huu, kule inalala upande wa pili.

Nilipoanza kusimulia kisa hiki nilikuwa nasema "dunia bandia". Nilisema hivyo zaidi ya mwaka. Jioni moja nimefika pale maprofesa wawili wanapotuhumiana, kila mmoja ana hakika kwamba waovu ni wale wa upande wa pili, na msichana wa darasa la nne aliyekaa kwenye mkeka wa mbele akasema kwa sauti, "Lakini na wao si wanatuita sisi bandia?" Nikasimamisha picha. Banda zima likanyamaza, watoto wananiangalia mimi badala ya televisheni. Sikuwa na jibu. Nikawaambia ni kweli, na neno lile nimeliacha kuanzia leo.

Hapa kwetu ng'ambo ni Kongo. Mvua ikishakata na hewa ikasafika, ukisimama ufukweni Kibirizi unaiona milima yake, ya buluu hafifu, kama mtu kaichora na wino ukamwishia. Sasa sikiliza akina mama wanaovuka kuja kununua dagaa wakiongea kwa simu na watoto waliowaacha nyumbani. Wanasema, "Niko ng'ambo." Wanamaanisha hapa tulipo sisi. Ziwa ni lile lile, neno linageuka kwa kufuata miguu ya anayelitamka. Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta, na nilikuwa nalisikia kila asubuhi nikienda kununua samaki.

Kwa hiyo si vivuli, mwanangu. Mwangalie Leela. Huku Fry amembembeleza miaka na miaka, na Leela anakataa. Kule ni mke na mume. Kilichowatenganisha ni sarafu iliyorushwa siku Fry alipomwomba watoke pamoja. Fikiria Leela wetu amesimama mbele ya mwenzake aliyeolewa na mtu ambaye yeye kila siku anamwona hafai, na huyo mwenzake ana raha. Watoto hucheka sana hapo, na mimi hucheka nao, ila huwa natazama lile jicho moja la Leela. Siku zote nasema hivi: dunia ya pili ambayo huwezi kunionyesha sarafu yake, na huwezi kunionyesha nani aliirusha, ni mapambo tu. Unaweza kuipaka rangi zote, ukaijaza watu wenye vichwa vitatu, bado haitamgusa mtu.

Mwishoni maprofesa wanalivuta sanduku moja kupitia jingine mpaka kila upande unabaki na sanduku lenye ulimwengu wake wenyewe. Hapo nilisimulia mara tatu watoto wasielewe. Mvulana mmoja akavua soksi zake za shule, nyeupe zilizokwisha kufubaa kwa vumbi letu jekundu. Akaingiza moja ndani ya nyingine, akapenyeza kidole kwenye tundu la kisigino, akainasa ncha ya ile ya ndani na kuivuta polepole, mpaka ile ya nje ikageuka na kumezwa yote. Akainyanyua juu wenzake waone. Walielewa pale pale. Kisha Fry akalikalia sanduku, na ulimwengu mzima, yeye mwenyewe akiwemo, ukabonyea. Sijawahi kusikia kicheko kama cha jioni ile.

*Kaka, mimi ni mama wa watoto watatu, naandika kutoka Kasulu. Wa mwisho ana miaka saba. Tangu aone hiyo katuni kwa mjomba wake, kila usiku ananiuliza kama huko kuna mama mwingine. Nimkataze kuangalia?*

Mwakeye mama. Usimkataze. Mtoto wa miaka saba anayeuliza kama kuna mama mwingine hana habari na ulimwengu. Anauliza kama wewe unaweza kubadilishwa. Mjibu hilo kwanza, kwa mkono begani, halafu ndipo umweleze mengine.

Na mengine ni haya. Wazo lenyewe halikuzaliwa kwenye katuni. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett, mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa hoja kwamba pale ambapo chembe ndogo kabisa za maada zinaweza kwenda huku au kule, hesabu zinaweza kusomwa kana kwamba zote mbili zinatokea, kila moja katika tawi lake. Wanafizikia wanabishana juu ya hilo hadi leo. Wapo wanaolikubali, wapo wanaolikataa kabisa. Ila hata wanaolikubali hawasemi kuna mlango wa kupita. Hilo mwambie mwanao waziwazi: mlango haupo, sanduku halipo, hakuna wa kuja kukuchukua wala wa kuja kukaa mahali pako. Akikubali kulala, mwache aendelee kuuliza mchana. Maswali ya namna hiyo ni mali.

*Naandika kutoka Tabora. Tumebishana kijiweni: ile mashine ya Profesa ya kuuliza "ingekuwaje kama", mambo yake yanahesabika kwenye kisa kikuu?*

Hayahesabiki. Sehemu zenye mashine hiyo, ya mwaka 2000 na ya mwaka 2002, kila moja ina visa vitatu vifupi vinavyozaliwa na mashine na kufia humo humo. Groening alikuwa ameshalifanya hilo kwenye The Simpsons, ambako tangu Oktoba 1990 kuna sehemu maalumu ya kutisha na kuchekesha karibu kila mwaka. Mtu anakatwa kichwa usiku ule, wiki inayofuata yuko mezani anakula na familia yake. Bart naye, mtoto wa familia ile, ana miaka 10 tangu 1989 na hajaongeza hata mmoja. Huo ni ukumbi wa mchezo. Sanduku la Profesa ni jambo jingine, kwa sababu Leela akitoka mle anatoka na alichokiona.

*Shikamoo. Sisi vijana wa Mwanga tunasema Fry wa sasa si Fry wa mwanzo. Wewe unasemaje?*

Marahaba. Mmetazama vizuri, na hili linastahili kubishaniwa hata na watu wazima.

Wanazungumzia sehemu ya mwaka 2010, katuni iliporudi baada ya kusimamishwa 2003. Profesa ametengeneza mashine ya kusafiri kwenye wakati, ila inakwenda mbele tu, hairudi nyuma. Fry, Bender na Profesa wanaijaribu, wanazidishiwa mwendo, wanaukosa wakati wao. Wanaendelea mbele wakitumaini kumkuta mtu aliyekwisha kubuni njia ya kurudi. Wanafika mpaka ulimwengu wenyewe unazimika. Wamekaa gizani, na ghafla unalipuka mwanzo mpya, na kila kitu kinajirudia sawasawa, nyota kwa nyota. Wanapitiliza tena, inabidi wazunguke mara ya pili. Wanapotua nyumbani mashine inawaponda Fry, Bender na Profesa wa huko, waliokuwa ndio kwanza wanataka kuondoka. Fry anakimbilia kwa Leela, maana alikuwa amemwahidi kula naye chakula cha jioni.

Kwa hiyo ndiyo, vijana. Leela anayekula naye si yule ambaye Fry alimpa ahadi. Yule wa kwanza alibaki, akazeeka bila yeye, akaja kujua kilichotokea, akamwachia ujumbe ndani ya pango. Katuni hii ilipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa sehemu hiyo, na kwa maoni yangu ni kwa sababu ya lile pango. Mimi nikifika hapo huwa nashusha kipaza sauti, picha inajisimulia. Mkiniuliza kama Fry ni yule yule, nasema Fry ni yule yule kabisa, amebeba kumbukumbu zote. Aliyebadilika ni kila mtu aliyemzunguka, na yeye peke yake na wenzake wawili ndio wanaojua.

*Kwa nini yale masanduku yana namba za ajabu? Mwanafunzi wa hesabu, Tabora.*

Yale ni masanduku mengine ambayo Profesa aliyatengeneza, kila moja na ulimwengu wake. Kwenye sanduku namba 1729 watu wana vichwa vinavyotikisika kama vile vidoli vya kwenye magari. Wewe wa hesabu chukua kalamu: 1729 ni namba ndogo kuliko zote inayopatikana kwa njia mbili tofauti ukijumlisha namba mbili kamili chanya zilizopandishwa kipeo cha tatu. 1 na 1728, yaani 1 na 12. Au 729 na 1000, yaani 9 na 10. Ndiyo iliyokuwa namba ya teksi aliyopanda Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, kwenda kumtazama mwenzake wa India, Ramanujan, aliyekuwa mgonjwa, na Ramanujan akamweleza siri yake hapo hapo kitandani. Waandishi wa katuni hii kadhaa wamesoma sayansi, Cohen mwenyewe ana shahada ya fizikia ya Harvard. Namba haikuwekwa ovyo.

*Mjomba, mimi nachora. Nataka kutengeneza katuni ya kuchekesha ya dunia mbili, itokee hapa kwetu, kwenye meli ya Liemba. Babu na bibi yangu walifahamiana ndani ya Liemba wakielekea Kasanga. Nianzie wapi? Nimeshachora maroboti kumi na mawili.*

Barua yako nimeisoma mara nne, mwanangu. Maroboti yaweke pembeni kwanza. Sarafu unayo, nawe umeandika bila kuiona.

Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kusafirishwa hadi Kigoma, ikaunganishwa upya hapa hapa. Ona, ulimwengu ndani ya sanduku tulikuwa nao kabla ya Profesa. Julai 1916 vita vimewabana, Wajerumani wakaamua kuizamisha isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi. Meli inakwenda chini ya maji, na mtu anapaka mashine grisi. Waingereza wakaiibua 1924, wakakuta mitambo inafaa, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba.

Huku, grisi ilipakwa. Ng'ambo yako, fundi alichoka, au alifokewa, au kopo lilikuwa tupu. Mitambo ikaoza. Hakuna Liemba, hakuna safari ya Kasanga, babu yako na bibi yako hawakukaa benchi moja. Halafu jiulize ni nani wa huku anayevuka kwenda kule, na anamtafuta nani. Nadhani ni bibi. Anamkuta babu kizee wa kule hamjui kabisa, anauza mihogo gatini, na bibi anajua kila anachokipenda na kila anachokiogopa. Kichekesho chako kimo humo, tele, na hutahitaji kukitafuta nje.

Weka kanuni moja na usiivunje: kilichookolewa huku, kule kimezama. Usiongeze ya pili.

Picha ya kwanza nataka iwe mkono wa fundi umeshika kopo la grisi, uso usionekane. Ichore hata kwa penseli. Niletee Jumamosi kabla ya alasiri, watoto wakiwa hawajaanza kuingia, tuitandaze mkekani tuione vizuri.