Vidoa vya alumini si kutu
Umeona vidoa vya kijivu kwenye kompyuta mpakato yako ya alumini, pale unapoegemeza viganja, ukajiuliza kama ni kutu? Hapana, si kutu. Kutu ni ya chuma. Ganda la kompyuta yako ni alumini. Hiyo ni kazi ya jasho: chumvi yake hupenya ngozi nyembamba ya oksidi, yaani tabaka la kinga lililowekwa kiwandani, hasa ilipokwaruzika, kisha hula metali ya chini na kuacha vishimo. Pitisha ukucha. Ukikwama, metali imelika. Ukiteleza, huenda ni mafuta ya ngozi tu, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwenye kompyuta yangu vidoa vilianzia ukingoni kabisa, upande wa mkono ninaovaa saa ya mkanda wa chuma, na vishimo vile havikurudi kuwa laini hata nilipofuta vipi. Usiguse msasa wala dawa ya kung'arishia, utamaliza ngozi ya oksidi iliyobaki. Mashine yenyewe haiathiriki, ni sura tu. Ila kama sehemu hiyo imetuna, au kipanguso (kibao cha kusogezea mshale kwa kidole) kimekuwa kigumu kubonyeza, hapo shuku betri iliyovimba: zima, usichaji, ipeleke kwa fundi.