Kioo kina mapovu, nawe unajaza tena

Juzi mwanagenzi mmoja wa ufundi wa viyoyozi na friji kalegeza nati ya bomba, gesi ya kupoozea inapiga mluzi, mwenyewe kaipa mgongo anatafuta spana. Nikamuuliza vipi. "Hii gesi ni 410A, kaka, haina shida na ozoni." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenielimisha. Nilishindwa kumgombeza, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, tena mbele ya mteja. Basi wadogo zangu, naandika kabla sijaanza kupiga kelele.

1. "Salama kwa ozoni" ni nusu ya habari. Itifaki ya Montreal ilisainiwa tarehe 16 Septemba 1987 ili kuziondoa CFC, gesi za zamani za kupoozea, yaani R-11, R-12 na ndugu zake, kwa sababu klorini yao ikifika juu inaila ozoni, ile ngao inayotukinga na miale ya jua. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 ziachane nazo. R-22 nayo, ambayo ni HCFC, binamu yao ambaye bado ana klorini, zamu yake ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Pengo likazibwa na HFC, kundi lenye 410A na 404A. Hazina klorini, tukashangilia, tukabandika stika. Lakini kilo moja ya R-22 ikitoka hewani inaongeza joto la dunia sawa na kilo 1,810 za dioksidi ya kaboni, na kilo moja ya 410A sawa na kilo 2,088. Soma tena namba hizo, taratibu. Kwenye ozoni tulipona, kwenye joto tukaongeza deni. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali na kuziingiza HFC kwenye itifaki ile ile. Kundi kubwa la nchi zinazoendelea lilitakiwa kuacha kupandisha matumizi kuanzia 2024, lipunguze asilimia 10 mwaka 2029, na ikifika 2045 iwe imepungua asilimia 80. Nyinyi mtakuwa bado kazini. Mimi nitakuwa nawasimulia wajukuu habari za R-12 na hawataniamini.

2. Kujaza si kutengeneza. Hapa naomba mvumilie, ni aibu ya zamani.

Nilikuwa nimebadilisha draya, kichujio kinachonasa unyevu, kwenye chumba cha baridi kinachotumia gesi ya 404A. Mwezi haujaisha, naitwa: baridi imepungua. Nafika, kioo cha kutazamia gesi kwenye bomba kina mapovu, dalili kwamba gesi imepungua. Nikajaza kilo 6, mapovu yakaisha, mwenye chumba akafurahi, nikalipwa nikaondoka kifua mbele. Wiki kadhaa baadaye, simu tena. Kilo 6 nyingine. Msidhani sikutafuta uvujaji. Nilipaka povu la sabuni evapereta nzima, ile sehemu inayopoza hewa, kona kwa kona. Nilipaka valvu zote. Nilipaka kila kiungo alichochomelea fundi aliyenitangulia, huku namsema vibaya kwa mwenye chumba, kwamba watu wa namna ile ndio wanaoharibu kazi. Mara ya tatu nikajaza nyingine 6, na nikaanza kushauri anunue evapereta mpya.

Ya nne alikuja mzee niliyekuwa chini yake. Geji hakuzigusa. Aliuliza jambo moja tu: "Mkono wako wewe uligusa wapi?" Nikamwonyesha draya. Akapaka povu kwenye nati, ikafura kama shavu la mpiga tarumbeta. Nilikuwa nimetumia mdomo wa zamani wa bomba badala ya kuukata na kuupanua upya, kisha nikaukaza kwa kukisia. Sehemu pekee ambayo sikuipima ni ile niliyoifunga mwenyewe. Ya kwangu ingevujaje?

Heri angenitukana. Alinipa kalamu, akaniambia nizidishe: kilo 18 mara 3,922, ile namba ya joto ya 404A. Inakuja 70,596. Zaidi ya tani 70 za dioksidi ya kaboni kwa nati moja, nami nilikuwa nalipwa kila nikiongeza. Ile karatasi niliikunja nikaiweka mfukoni, na kwa siku kadhaa sikutaka kumwona yule fundi niliyemsema.

Kwa hiyo: jaza nitrojeni ya presha kwanza, paka povu baadaye, anza na viungo vyako. Oksijeni usiiguse kabisa kwa kupima presha. Ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

3. "Nimeacha pampu nusu saa" si kipimo cha vakyumu, yaani kwamba hewa na unyevu vimetoka kwenye mabomba. Shuka chini ya mikroni 500 kwenye geji ya vakyumu, funga valvu, tazama kama inapanda.

4. 404A na 410A ni mchanganyiko, zijaze zikiwa kimiminika. Nilishasema mara mia.

5. Mtungi wa kukusanyia gesi unayoitoa kwenye mashine ni wa gesi moja, na usijazwe kupita asilimia 80. Ukimwaga R-22 juu ya 404A, huo ni uchafu ambao hata wa kuusafisha hawautaki. Utabaki unauzungusha kwenye gari kama mzigo wa mkosi. (Ninao mmoja. Msiniulize.)

6. Propani, R-290, haina neno na ozoni na mchango wake kwenye joto la dunia ni mdogo mno, ndiyo maana inakuja kwa kasi. Kosa ninaloliona ni kuimwaga kwenye mashine iliyotengenezwa kwa R-22 kwa sababu presha zinakaribiana. Ndiyo, itapoa. Itapoa vizuri hata ujisifu, hadi siku itakapovuja karibu na swichi inayotoa cheche. Mashine ya propani huundwa kwa propani tangu kiwandani, ikiwa na kipimo chake cha gesi na onyo lake.

Yule wa 410A alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Nikadhani yamemwingia. Kisha akauliza: "Na ile nati ya draya, kaka, ulikuja kuikaza kwa spana gani?"

Ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ninayo, naazimisha, ila irudi siku hiyo hiyo.