Nyuki seremala kwenye paa: acheni kumwaga petroli

SWALI: Kuna nyuki wakubwa weusi wanatoboa boriti za kibaraza changu, unga wa mbao unamwagika chini kila siku. Fundi kaniambia watakula paa lote, nimwage petroli kwenye matundu halafu nizibe na simenti. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye. Petroli kwenye mbao za nyumba unayolala, jamani!

Hili la "wanakula mbao" nalisikia kila mara na linanichosha kwelikweli. Anayekula mbao ni mchwa. Nyuki seremala chakula chake ni nekta na chavua, jike anatafuna mbao apate pa kutagia tu na unga anautupa nje, ndo huo unaouona. Ukipasua boriti utakuta tundu la duara safi, upana kama sentimita moja na kitu, likishaingia kidogo linakata kona linafuata urefu wa mbao, na humo ndani kuna vyumba vimepangana, kila kimoja kina donge la chavua iliyokandwa na nekta na yai moja juu yake. Wakirudia boriti hiyohiyo miaka na miaka itadhoofika kweli, ila sio jambo la wiki mbili kama anavyokutisha huyo fundi.

Na yule anayekuja kukuzungukia usoni mara nyingi ni dume analinda eneo, hana hata mwiba. Jike anao lakini mpaka umshike au umbane.

Kinachoniuma ni hawa wauza dawa wa kupulizia kila kinachoruka, halafu wateja wao wanakuja kuniuliza mbona pasheni inachanua tu haizai. Itazaaje? Ua la pasheni ni kubwa, nyuki wa asali anajipitia chini na kubeba chavua bila kugusa sehemu ya kike, wakati nyuki seremala anaenea hasa, mgongo wake unasugua juu. Nyanya na biringanya nazo chavua imefungiwa ndani, yeye analikumbatia ua anatetemesha misuli ya mabawa mpaka imwagike, na hilo nyuki wa asali hawezi. Ukimuua, hakuna chupa dukani itakayokufanyia kazi hiyo.

Wewe subiri watoto watoke, hakikisha matundu ni matupu, ziba kwa kipande cha mbao na gundi kisha piga rangi ya mafuta pande zote maana anapenda mbao kavu iliyo tupu. Mwachie gogo kavu pembeni ya shamba. Ukiziba wakiwa bado ndani, watatoboa pengine watoke na utakuwa umejiongezea matundu.